Somo la Afya: Moyo Ukipiga Mbio, Usiulaumu Moyo Kwanza



Kabla msomaji wenu hajaendelea, wekeni vitabu vya akiba kando mfanye zoezi dogo. Kila mmoja aweke vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wake, upande wa kidole gumba, atafute mahali mshipa unapodunda. Karani ashike saa. Hesabuni mapigo kwa nusu dakika, kisha mzidishe mara mbili. Wengi wenu mtapata kati ya 60 na 100. Sasa wachagueni wawili wenye nguvu (mama mjamzito apumzike, na mzee wetu pia) wateremke kwenye chemchemi na kupanda na mtungi wa lita 20, vile tunavyofanya kila siku. Wakifika tu, kabla hawajakaa, wahesabiwe tena.

Mtacheka, maana hata yule anayejisifu kwa nguvu atakuwa anahema. Mapigo yamepanda, jasho linamtoka, anaomba maji ya kunywa. Basi swali la kwanza la somo letu ni hili: ni kiungo gani kilichobeba yale maji?

Nikiuliza hivi vijijini, mmoja hujibu "mgongo", mwingine "miguu". Ni kweli, lakini si yote. Misuli ya mguu ni kama jiko. Jiko linataka kuni na linataka hewa. Ukikosa kimoja, moto unazimika. Kuni za misuli ni sukari, na sukari hiyo ilitoka kwenye obokima tuliokula jana usiku. Tumbo liliusaga, ukaingia katika utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa kama mita 6 umekunjwa ndani ya tumbo, na hapo ndipo chakula kinapopenya kuingia kwenye damu. Damu hiyo inapita kwanza kwa ini. Ini ni ghala: linaweka sukari akiba na kuitoa kidogo kidogo wakati hatuli. Hewa nayo inaletwa na mapafu. Kuni na hewa zote mbili zinasafirishwa na damu, na damu inasukumwa na moyo. Taka za moto huo zinatolewa na mapafu na figo, na joto lake linatolewa na ngozi kwa jasho.

Na nani aliyeuambia moyo uongeze mwendo? Si ninyi. Hakuna mtu anayesimama katikati ya mlima na kusema, "Moyo, kazana." Ubongo unasikia habari kutoka kwa damu na misuli, unatuma amri kwa mishipa ya fahamu, na kazi inafanyika mkiwa mnapiga stori njiani.

Hayo yote watoto wetu wanayasoma shuleni. Huchorewa moyo ukurasa mmoja, mapafu ukurasa mwingine, figo ukurasa wa tatu, na mtihani ukiisha tunabaki tukifikiri kila kiungo kina nyumba yake na mlango umefungwa. Mimi nililipia mawazo hayo kwa aibu, na ndiyo sababu nimeandika somo hili.

MAMA ALIYEITWA MVIVU

Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa kutembelea kikundi kimoja cha akina mama wanaochuma chai. Sikwenda kwa mambo ya ugonjwa, nilikwenda kwa mambo ya mkopo. Mwanachama mmoja alikuwa hajarudisha pesa kwa miezi mitatu na mwenyekiti alitaka aondolewe. Nitamwita huyo mama Kemunto, ambalo si jina lake. Alikuwa na mimba ya tano, ya miezi sita hivi. Wenzake waliniambia kwamba zamani alikuwa wa kwanza kufika kituo cha kununua chai, lakini sasa anachuma kikapu nusu na kukaa chini ya mti. Mimi nikaandika katika ripoti yangu kwamba amelegea katika kazi. Maneno hayo yako kwenye faili mpaka leo.

Siku ya pili nilimkuta kwake. Nikamuuliza, "Mama, shida ni nini?" Akasema, "Dada, ni moyo. Nikipanda tu pale kwa mugumo, moyo unapiga kama ngoma na pumzi inakatika." Kumbe zile pesa za mkopo zilikuwa zimeliwa na huo moyo. Duka moja la dawa lilimuuzia vidonge vya presha bila kumpima. Mahali pengine aliambiwa ni asidi ya tumbo. Mama mkwe alisema ni mawazo mengi, na jirani akamshauri anywe kinywaji chekundu cha chupa ili aongeze damu. (Huyo jirani ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli, ila dawa yake haikufaa. Rangi nyekundu ya chupa haigeuki kuwa damu.)

Mimi si muuguzi. Lakini katika mafunzo yetu ya diploma tulifundishwa jambo moja ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya. Nilimwomba anisogelee mlangoni penye mwanga, nikavuta ngozi ya chini ya jicho lake kwa kidole. Mahali panapotakiwa kuwa pekundu kama ndani ya mdomo palikuwa peupe kama ganda la yai. Nikatazama viganja, vilevile. Jioni hiyo tulikuwa hospitalini. Mama mjamzito anatakiwa awe na angalau gramu 11 za rangi nyekundu ya damu katika kila desilita. Chini ya 7 ni hatari kubwa. Kemunto alikuwa na 6. Damu yake ilionyesha malaria na choo chake kilionyesha mayai ya minyoo ya safura. Aliongezewa damu, akatibiwa, na mtoto alizaliwa mdogo lakini hai.

Moyo wake haukuwa na kosa lolote.

LORI LINALOBEBA NUSU

Nilipowaeleza wenzake jambo hili nilitumia mfano wa lori la kiwanda linalokusanya majani ya chai. Tuseme lori lina nafasi ya magunia mengi na safari mbili zinatosha kumaliza majani yote ya kituo. Sasa siku moja nafasi ya lori imepungua nusu. Majani ni yale yale, kiwanda kinangoja. Dereva atafanya nini? Atakwenda safari nne, tena kwa mbio. Ukisimama barabarani utasema, "Huyu dereva ana wazimu." Dereva hana wazimu. Anajaribu kuokoa majani yasioze.

Dereva ni moyo. Nafasi ya lori ni zile chembe nyekundu za damu zinazobeba hewa. Zikipungua nusu, moyo unalazimika kuzungusha ile damu nyepesi mara nyingi zaidi ili misuli, ubongo na mtoto tumboni wapate hewa yao. Mapafu nayo yanahema haraka. Figo zinashika maji na chumvi, kwa hiyo miguu inaweza kuvimba. Kichwa kinazunguka kwa sababu ubongo unapata hewa kidogo. Mtu huyo mmoja anaweza kwenda mahali patano na malalamiko matano: moyo, kifua, miguu, kichwa, uchovu. Akitibiwa kila kimoja peke yake, atamaliza mkopo wa kikundi kizima.

Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu. Akiwa ametulia, moyo unazungusha kiasi hicho chote kwa muda wa kama dakika moja. Chembe nyekundu zinatengenezwa ndani ya mifupa, katika uboho, na kila chembe inaishi siku 120 hivi, kisha bandama na ini vinaivunja na kuhifadhi madini ya chuma yaliyomo ili mifupa itengeneze nyingine. Mwili hautupi chuma ovyo. Sisi wa milimani tunahitaji chembe hizo zaidi kidogo kuliko watu wa pwani, kwa sababu huku juu hewa ni nyepesi. Mimba inaongeza mahitaji: maji ya damu ya mama yanaongezeka sana, na mtoto anachukua chuma chake bila kuomba ruhusa.

Sasa damu ya Kemunto ilikwenda wapi? Ilikuwa inatoka kwa milango zaidi ya mmoja.

MSAFIRI ANAYEPITA MWILI WOTE

Nianze na safura, kwa sababu yeye ni mwalimu mzuri wa somo letu kuliko mimi. Mtu mwenye minyoo hii akijisaidia migombani, mayai yanaanguli­wa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli. Baada ya kama wiki moja vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho viko tayari. Wewe unapita peku kwenda kukata ndizi. Kinapenya ngozi ya mguu, labda katikati ya vidole, utasikia mwasho tu. Kinaingia kwenye mshipa wa damu na kupelekwa hadi kwenye moyo. Moyo unakisukuma hadi mapafuni. Huko kinatoboa kuingia kwenye vifuko vya hewa, kinapanda koo la hewa, unakohoa kidogo na kukimeza bila kujua. Kinapita tumbo la chakula, kinafika utumbo mwembamba, kinakuwa mnyoo wa urefu wa kama sentimita moja, kinashika ukuta wa utumbo kwa meno yake na kunywa damu. Kinaweza kukaa hapo mwaka na zaidi. Mnyoo mmoja si kitu. Mamia yao ni mrija usiofungwa.

Ngozi, damu, moyo, mapafu, koo, tumbo, utumbo. Je, ni kiungo gani kilichokuwa na mlango wa kufungwa?

Watu walikuwa hawaamini kwamba mnyoo wa tumboni unaweza kuingilia mguuni. Aliyegundua ni mtaalamu Mjerumani, Arthur Looss, aliyekuwa akifanya kazi Cairo, Misri, mwishoni mwa miaka ya 1890. Alimwagikiwa mkononi na maji yenye vijidudu hivyo, akasikia ngozi inawasha na kuwa nyekundu. Badala ya kunawa na kusahau, alianza kupima choo chake mwenyewe, na baada ya wiki kadhaa akaona mayai ya safura. Alikuwa hajakula kitu kichafu. Tangu hapo ndipo tunaambiwa viatu na choo cha shimo ni dawa ya damu. Wazee wetu wa Kiswahili walikuwa wamekwisha kufika karibu: neno safura ni la mnyoo na pia ni la ule weupe wa mtu aliyepungukiwa na damu.

MALARIA HAIKAI KICHWANI

Mlango wa pili ni malaria. Mbu jike akikuuma, vijidudu vyake havibaki kwenye damu. Kwa muda usiozidi saa moja hivi vimejificha kwenye ini. Huko vinazaana kwa wiki moja au mbili nawe huna habari, unachuma chai yako. Kisha vinatoka kwa maelfu, kila kimoja kinaingia katika chembe nyekundu, kinaila kwa ndani, na baada ya siku mbili hivi kinaipasua na kuingia nyingine. Ubongo ukipata habari ya vita hivyo unaamuru mwili upandishe joto. Misuli inatetemeka ili kutengeneza joto hilo, na ndiyo ile baridi inayokutetemesha juani. Bandama inavimba kwa kazi ya kuondoa chembe zilizoharibika. Figo zinaweza kuziba, mkojo ukawa na rangi ya strungi. Sukari inashuka, hasa kwa mtoto na kwa mama mjamzito. Chembe zilizoingiwa na vijidudu zinanata kwenye mishipa midogo ya ubongo, mtoto anapata degedege. Kwa mama mjamzito zinanata kwenye kondo la nyuma, na mtoto anakosa chakula na hewa.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wake. Milima yetu iko kati ya mita 1,500 na zaidi ya 2,000 juu ya bahari. Baridi inapunguza mbu, kwa hiyo hatuumwi na malaria mara kwa mara kama ndugu zetu wa kando ya ziwa, na miili yetu haijazoea kupigana nayo. Ikija baada ya mvua ndefu, inaangusha hata wanaume wazima. Wenye umri wangu mnakumbuka mwishoni mwa miaka ya 1990, tulipokuwa shuleni, jinsi wagonjwa walivyolala wawili wawili kitandani na wengine sakafuni. Mtu akikuambia "huku juu hakuna malaria", mwulize alikuwa wapi wakati huo.

Nikumbushe pia kwamba Abagusii si watu wasiojua mwili. Ababari wetu walijulikana na madaktari wa nchi za mbali kwa ufundi wa kufungua mfupa wa kichwa cha mtu aliyeumwa na kichwa muda mrefu baada ya kugongwa, na wengi walipona. Walikuwa na busara moja ninayoiheshimu: waliuliza kwanza kichwa kilianza kuuma lini na kwa sababu gani. Kichwa kilichogongwa ni kimoja. Kichwa kinachouma pamoja na homa, viungo na kutapika ni kingine, na shida yake haiko kichwani, iko kwenye damu. Leo tunanunua vidonge viwili vya maumivu dukani bila hata swali hilo moja.

CHAI YETU NA MBOGA ZETU

Mlango wa tatu nauandika kwa woga, maana ninaandikia watu ambao chai ndiyo karo ya shule. Madini ya chuma yaliyo katika chinsaga, managu, emboga na maharagwe yanapenya kwa shida kutoka utumbo kwenda kwenye damu. Chai ikinywewa pamoja na chakula hicho, inayashika na kuyapitisha hadi chooni. Sisemi msinywe chai. Nasema inyweni saa moja au mbili mbali na mlo wa mboga. Tena msimeze vidonge vya chuma vya kliniki kwa chai. Kinachofungua mlango ni machungwa, mapera, limau, na kipande kidogo cha nyama au konzi ya omena ndani ya mboga. Hata nyanya mbichi inasaidia. Mboga ikipikwa mpaka jioni, ile nguvu ya kufungua mlango inapotea.

Kuhusu vile vidonge vya kliniki, nimevikuta vimefichwa juu ya kabati kwa sababu choo kilikuwa cheusi na mama akaogopa. Weusi huo ni chuma kilichobaki, si ugonjwa. Kama vinakuletea kichefuchefu, mwambie muuguzi, usivitupe.

KAZI YA KIKUNDI

Kemunto alirudi kikundini. Mkopo alimaliza mwaka uliofuata. Kikundi chake kilianza desturi ambayo ningependa ninyi mwijadili: kila mkutano wa kwanza wa mwezi, kabla ya kuchanga, kila mwanachama anatazamwa jicho na kiganja na mwenzake, mchana, nje. Hiyo haichukui hata dakika kumi. Si kipimo cha mwisho, maana jicho linaweza kudanganya, na aliyepungukiwa kidogo huenda asionekane. Kwa hiyo mjamzito aende kliniki apimwe damu hata kama jicho ni jekundu. Mwenye homa apimwe malaria kabla ya kununua dawa, na akipewa dawa ya siku tatu aimalize yote, asimwachie mtoto nusu.

Ziko hali ambazo hazingoji mkutano: mtu anayehema hali ameketi, anayezimia, mtoto mwenye degedege au asiyeweza kunyonya wala kunywa, mkojo wa rangi ya strungi, mama mjamzito mweupe aliyevimba miguu. Huyo ni wa pikipiki au gari sasa hivi, hata kama ni saa nane usiku.

Maswali ya kujadili:

Katika nyumba za wanachama wetu, ni ngapi zina choo kinachotumika na watoto pia, na si wageni tu? Nani kati yetu aliwahi kutibiwa kiungo kimoja kumbe shida ilikuwa kwingine, na alitumia pesa ngapi? Tunapomwona mwenzetu amelegea kazini, nani wa kwenda kumtembelea kabla jina lake halijaletwa mbele ya kikundi? Na mweka hazina atueleze: mtu akizidiwa usiku wa leo, kuna shilingi ngapi za nauli, ziko kwa nani, na je, mlango wake unafunguliwa ukibishwa?